Flashi ya Kwaya

Orpha Masika ana kovu kwenye mkono wa kushoto, chini kidogo ya kiwiko, refu kama kidole na limenyooka utadhani limepigwa rula. Wateja wake wa Troyeville, Johannesburg, wakiliona hukunja uso na kumpa pole, maana wanadhani ni la moto wa Septemba 2019, maduka ya wageni yalipochomwa. Orpha hawasahihishi. Husema asante, akainamia saketi yake, kazi ikaendelea. Basi nitasimulia mimi, kama alivyonieleza mwenyewe, lilivyopatikana, kwa sababu nimechoka kusikia akipewa pole za moto ambao haukumgusa.

Alizaliwa Kyondo, milimani karibu na Butembo, mashariki mwa Kongo. Watu wenye bunduki walimchinja baba yake mbele ya ghala la kahawa, gunia likiwa bado begani, na Orpha akashika njia ya kusini akiwa na miaka ishirini na miwili. Alipofika Johannesburg alidhani sasa atapumua. Joburg haina habari na pumzi ya mtu. Aprili 2015 alikuwa akiuza chaja na vifuniko vya simu mezani, pembeni mwa barabara katikati ya jiji, kundi la kuwafukuza wageni likashuka na marungu huku likiimba. Kabla hajakusanya vitu vyake, jamaa mmoja alilishusha rungu juu ya mkono wake wa kulia uliokuwa umeng'ang'ania meza. Vidole viwili vilivunjika. Vilijiunga vyenyewe baadaye, na vilijiunga upande.

Aliyemwokota ni Zakayo, fundi wa simu na kompyuta mwenye kibanda Troyeville. Baba yake Zakayo alikuwa mpigania uhuru wa Afrika Kusini aliyekaa uhamishoni Morogoro, akaoa hukohuko, na mambo yalipobadilika akarudi kwao na mke na watoto wanaoongea Kiswahili kuliko Kizulu. Kwa hiyo Zakayo alijua maana ya kuitwa mgeni nyumbani kwa baba yako.

"Dada, mkono mmoja unatosha," alimwambia. "Hapa tunatumia macho zaidi."

Alimfundisha kwamba ndani ya flashi kuna chipu mbili. Moja ni ghala: humo ndimo zinamokaa picha, nyimbo na hati. Ya pili ni mtunza ghala, na yeye ndiye anayejibu kompyuta ikiuliza humo ndani mna nini na nafasi ni kiasi gani. Mtunza ghala anaendeshwa na programu ndogo aliyopewa kiwandani. Programu hiyo ikivurugika, flashi inakuwa maiti: unachomeka, kompyuta inasema haikitambui kitu hicho. Lakini ziko zana za viwandani zilizovuja mtandaoni, maandishi yake Kichina kitupu, na fundi anayezijua anaweza kumpa mtunza ghala akili mpya, maiti ikaamka.

Zana hizohizo zinaweza kumfundisha mtunza ghala uongo. Unachukua flashi ya giga nne, unamwambia aseme thelathini na mbili. Kompyuta inaamini, mnunuzi anaamini. Giga nne za kwanza zinakaa salama, na kila kinachofuata kinaandikwa hewani. Jina la faili utaliona, ukubwa wake utauona, ndani hamna kitu.

Mwaka 2016 wawili hao walitengeneza flashi za namna hiyo kama mia tatu, na wachuuzi wanaouza kwenye magari yakisimama kwenye roboti, yaani taa za barabarani, wakazimaliza zote. Orpha hakuona haya hata chembe. "Huu mji ulinivunja vidole," alimwambia Zakayo, "acha nao udanganyike kidogo." Na kwa maringo ya fundi aliyeanza kujijua, kwenye nafasi ya jina la kiwanda aliandika KYONDO, herufi kubwa, kila moja. Hasira ilimpofusha. Hakukumbuka kwamba wanaonunua flashi kwenye roboti si mji. Ni msusi, ni mlinzi, ni mchungaji mwenye kanisa ndani ya gereji, ni watu waliokimbia kama yeye.

Mwaka 2017 majambazi wawili walimpiga Zakayo risasi ya shingo mlangoni, kwa ajili ya simu za wateja. Alichukua dakika nyingi kufa, akipiga kisigino sakafuni, na damu iliingia mpaka chini ya meza ya kazi. Orpha aliisugua mwenyewe kwa brashi ya viatu. Alibaki na meza na zana, na hakutengeneza tena flashi ya uongo. Alijiambia kwamba mambo hayo yamekwisha.

Alhamisi moja ya Oktoba 2019, asubuhi, akaingia mwanamke mwenye kitenge cheusi. Alisimama katikati ya kibanda, akaingiza mkono ndani ya blauzi, akatoa leso iliyofungwa mafundo matatu. Ndani mlikuwa na flashi nyekundu.

"Niko nakuomba, dada," alisema. "Bwana yangu iko mule ndani."

Alikuwa Clémentine, wa mtaa wa Turffontein, mjane wa Théodore fundi cherehani. Orpha alimkalisha, na mama yule akasimulia bila kulia, macho ameyakaza ukutani.

Siku ile ya ghasia za Septemba Théodore alichelewa kufunga duka kwa sababu ya suti ya mtu. Kundi lilimkuta anashusha shata la mlango. Walimburuta hadi kwenye lami, wakampiga mateke, wakamvua viatu. Kisha akatokea Tumu, mnyoosha mabodi ya magari wa jirani, ambaye mwezi uliotangulia tu Théodore alimfupishia suruali ya harusi. Théodore alimwona akafurahi. Alimwita kwa jina, akamnyooshea mkono amvute atoke mle.

"Njo akamupiga marto," Clémentine alisema, na akajigusa utosini kuonyesha nyundo ilipotua. "Mara ya kwanza bwana yangu alisema, Tumu, ni mimi. Mara ya pili hakusema kitu tena. Tumu akaendelea. Nilihesabu mpaka tisa."

Aliona yote hayo kupitia kioo cha duka la pombe la ng'ambo. Lerato, mwenyeji aliyelisimamia duka lile, alikuwa amemburuta ndani kwa nywele na kumlalia juu, mkono kinywani, asipige kelele akaja kuuawa naye. Juu ya mlango wa Lerato kulikuwa na kamera. Kesho yake asubuhi Lerato alimnakilia Clémentine ile video ya kamera, wakaitazama kidogo papo hapo kwenye kompyuta, uso wa Tumu ukaonekana wazi kabisa. Mchana wa siku hiyohiyo duka la Lerato nalo likachomwa, likaungua na kompyuta na kila kitu. Wiki iliyofuata Lerato akaletewa bahasha yenye risasi moja. Akahama, na simu yake haipatikani.

"Kwa hiyo ni hii tu," Orpha alisema.

"Ni hii tu."

Na mama yule alilala nayo kifuani wiki tano. Polisi hakuwapa, kwa sababu kwao Bukavu na hapa pia ameona mafaili ya watu yakipotea, na alitaka kuitoa mbele ya mwendesha mashtaka, mkono kwa mkono. Siku alipoipeleka, kompyuta ya ofisi ikakataa kuisoma. Wakamwambia kesi inatajwa Jumatatu. Tumu, ambaye yuko nje kwa dhamana, anasema siku ile hakuwa hata Turffontein. Bila video, ni neno la mjane peke yake dhidi ya lake, na kesi inafutwa.

"Jumapili mchana njoo," Orpha alimwambia. "Nitaifufua, Mama Exaucé." Exaucé ndiye kifungua mimba wa mama yule, na Orpha alimwita hivyo kwa heshima kama watu wa kwao waitanavyo.

Alianza kesho yake. Alilibandua lile ganda jekundu akalitupa, akabaki na kisaketi kitupu, kidogo kuliko kucha ya gumba. Alikisafisha, akakitazama chini ya kioo cha kukuzia, akachomeka. Maiti. Akaondoa, akachomeka tena. Maiti. Akatafuta zana inayolingana na chipu ile, na Ijumaa nzima ikamwishia hivyo. Mle ndani ya zana mna kitufe kikubwa ambacho mafundi wengi wa Joburg hukimbilia, nacho kinaifufua flashi kweli, ila kinafuta kila kilichomo. Wateja wengi wamerudishiwa flashi nzima zisizo na kitu wakalipa na kushukuru. Orpha alikibandikia kipande cha plasta juu ya kioo cha kompyuta ili kidole kisiteleze.

Jumamosi mchana, akiwa amejiinamia, mlangoni wakatokea wanaume wawili. Mmoja alibaki nje akiangalia barabara. Wa pili aliingia; alikuwa mpana, ana rangi ya gari kwenye kucha, na alivuta kiti akakaa bila kukaribishwa.

"Nasikia unafufua flashi," alisema kwa Kiingereza. "Mama wa kitenge cheusi alikuletea moja. Nyekundu."

Orpha hakuhitaji kuambiwa jina lake. Alisema wateja ni wengi, hamjui kila mmoja. Tumu akatabasamu. Aliushika mkono wake wa kulia taratibu, akaulaza juu ya meza, akavitazama vile vidole vilivyopinda.

"Eish, sista. Nani alikufanyia hivi?"

Kabla Orpha hajajibu, alikishika kidole cha kati akakikunja nyuma. Kilitoa mlio. Orpha alisikia kelele ikijaa kibanda, akachelewa kutambua kwamba ni yake. Tumu akahamia cha pili, akasubiri kidogo, kisha akakivunja hicho nacho.

"Iko wapi?"

Orpha, huku akilia na kamasi zikimtoka, alinyoosha kidevu kuelekea kopo la flashi za wateja. Zilikuwamo tatu nyekundu. Tumu alizimwaga zote sakafuni, akachukua nyundo ya Zakayo ukutani na kuziponda moja moja, nyekundu na nyeusi na bluu, hata ambazo hazikuhitaji. Kila pigo Orpha alifumba macho. Alikuwa akihesabu bila kutaka, na alipofika tisa akatapika kwenye sketi yake.

Kisaketi kilikuwa pale pale juu ya meza, chini ya taa, hakina ganda, kando ya vumbi la risasi ya kulehemia na nyaya zilizokatwa. Tumu aliweka nyundo karibu yake kabisa. Mtu ambaye hajawahi kuifungua flashi hajui sura yake ikiwa uchi. Akamwambia Orpha apone haraka, akaondoka.

Usinidanganye kwamba wewe ungefanya alichofanya. Mimi ningefunga kibanda siku ile na kuhama mtaa. Orpha alivifunga vidole kwenye penseli kwa utepe, akameza vidonge vinne vya maumivu, akarudi kitini. Safari hii hasira yake ilikuwa na jina na sura. Alitaka kumwona Tumu amefungwa. Alitaka zaidi ya hapo, alitaka mtu afunge vile vidole vyenye rangi ya gari kwenye meza na kuvipiga, lakini gereza lingetosha.

Iko njia ya mafundi wachache. Unagusisha miguu miwili ya chipu ya ghala kwa ncha ya sindano, na palepale unachomeka flashi, ili mtunza ghala aamke bila kuisoma ile programu yake mgonjwa. Ukiwahi kutoa sindano, anaduwaa na kusubiri maagizo. Hapo unampa programu ya muda, ya kushika kichwani tu, bila kugusa ghala. Kazi hiyo inataka mikono miwili. Orpha aliishika sindano kwa meno, akainamia meza mpaka pua ikakaribia kuungua na taa, akachomeka kwa mkono wa kushoto. Alirudia mara kumi na nne. Mara ya kumi na tano kompyuta ikalia ule mlio wake wa kupokea kitu kipya.

Alipiga kelele ya furaha peke yake. Akaipa ile programu ya muda, akasubiri, na dirisha likafunguka kueleza ni flashi gani hiyo. Aina ya chipu. Ukubwa: giga thelathini na mbili. Kiwanda: KYONDO.

Orpha aliisoma herufi kwa herufi. Aliondoka mezani, akaenda kusimama mlangoni, akaangalia taksi zikipita, akarudi. Bado ilikuwa imeandikwa hivyo.

Akafungua. Faili zote zilikuwa zimejipanga na majina yake. Juu kabisa zilikuwa video kumi na moja za kwaya. Théodore ndiye aliyekuwa mpiga picha wa kanisa lao, na flashi ilikuwa yake, aliinunua mwenyewe kwenye roboti. Chini ya kwaya zilifuata mbili tu, KAMERA 1 na KAMERA 2, kila moja na ukubwa wake kamili. Orpha alifungua ya kwaya, ikaimba. Akafungua KAMERA 1, skrini ikabaki nyeusi. Akafungua KAMERA 2. Akatumia programu ya kusoma ghala lenyewe, safu kwa safu, na alikuta sifuri. Alizipitia zote mpaka safu ya mwisho, sifuri tupu.

Alielewa kila kitu, na afadhali asingeelewa. Clémentine angeweza kufuta kwaya kwanza ili apate nafasi. Mtu mwingine yeyote angefuta. Lakini sauti ya marehemu ilikuwa humo, na kwao hakuna mjane anayefuta sauti ya mumewe kabla ya arobaini. Basi alimwambia Lerato asiguse kitu, aongeze tu mwishoni, nafasi si ipo tele? Kwaya ilikuwa imeshazijaza zile giga nne za kweli. Kifo chote cha Théodore kiliandikwa hewani. Walipoitazama papo hapo, kompyuta ya Lerato ilikuwa inawaonyesha kile ilichokuwa bado inakikumbuka yenyewe, na kompyuta hiyo sasa ni majivu.

Jumapili mchana Clémentine alikuja moja kwa moja kutoka kanisani. Aliona vidole vilivyofungwa penseli, akaona vipande vya flashi vilivyofagiliwa pembeni, akaelewa nani alipita. Alipiga magoti akataka kumbusu Orpha mkono.

"Amka, mama," Orpha alisema. "Amka, usiniguse."

Ilikuwa rahisi mno kudanganya. Angesema Tumu ameiponda. Ushahidi ulikuwa sakafuni, na mwili wake mwenyewe ulikuwa shahidi. Mjane angelia, angemshukuru, angemwombea maisha yake yote. Orpha alikuwa amelala na uongo huo usiku kucha, na ulikuwa umekwisha kumkaa mdomoni vizuri. Lakini alipofungua mdomo alimwambia yote: giga nne, Zakayo, mia tatu, KYONDO.

Clémentine hakuelewa mara moja. "Tumu njo aliiharibu?"

"Hapana. Haikuingia kamwe. Mimi niliifundisha kusema iko na nafasi, na nafasi haiko. Ni mimi, mama. Kabla hata bwana yako hajakufa."

"Ulimufanyia nini Théodore?" mama yule aliuliza, sauti chini. "Alikufanyia nini?"

Chuma cha kulehemia kilikuwa kwenye kishikio chake, kimepata moto tangu asubuhi. Clémentine alikichukua kwa mkono mmoja, kwa mwingine akaushika ule wa Orpha wa kushoto, mkono mzima, mkono wa kazi, akaulaza mezani kama Tumu alivyoulaza mwenzake jana. Akakikandamiza chuma chini kidogo ya kiwiko. Ngozi ilikaangika na harufu ikapanda. Orpha hakuuvuta. Alipiga kelele hadi koo likakauka lakini mkono aliuacha hapohapo, na wala hakuuacha kwa ushujaa. Aliona ni halali yake.

Aliyechoka kwanza ni Clémentine. Alikitupa chuma, akakaa sakafuni kwenye vipande vya flashi, na hapo ndipo alipolia kwa mara ya kwanza tangu Septemba, kilio kibaya cha kifuani. Baadaye, bila kuinua uso, akasema, "Weka ile ingine. Ile inaimba."

Orpha aliiweka. Kamera ilitikisika, ukatokea ukuta wa gereji na wanawake waliovaa sare, na nyuma ya kamera sauti ya mwanaume ikacheka na kusema: "Mama Exaucé, sogea kidogo, unaniziba wenzako. Haya. Moja, mbili, tatu." Waliirudia mara nyingi, mmoja sakafuni, mwingine kitini na mkono ndani ya ndoo ya maji.

Jumatatu kesi ilifutwa. Orpha alikwenda naye, akaomba kusema, akaambiwa aliyoyasikia kwa mtu si ushahidi, na habari za flashi tupu hazimhusu hakimu. Kuhusu vidole alitakiwa afungue jalada jipya kituoni. Tumu alitoka mlangoni amenyolewa nywele vizuri, amevaa suruali ya harusi, ile ile, na pindo lililoshonwa na Théodore lilitua juu ya kiatu sawasawa. Alipowapita aliwapa pole.

Clémentine alihamia Durban kwa shemeji yake na nakala tatu za kwaya. Kisaketi alimwachia Orpha, akisema hataki kukiona. Orpha amekifunga kwa uzi kwenye taa ya kazi. Sasa kila flashi iliyokufa ikiletwa, jambo la kwanza analofanya ni kusoma jina la kiwanda, na ikiwa ni KYONDO, anamweleza mwenye flashi ukweli wote, kisha anaipa ukubwa wake halisi. Wengine humtukana. Mmoja alimpiga kofi. Mpaka Desemba hii zimerudi kumi na tisa, na zilizobaki ziko mifukoni mwa watu, wanaendelea kuzijaza.